Aliyechangiwa na Wengi
Mhadhara kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa vyuo, Kyela



Nimeombwa niseme juu ya msongo na afya ya akili ya vijana wetu walioko vyuoni. Wengi wakisikia mada kama hii hutarajia kuambiwa kwamba vijana wametelekezwa, kwamba undugu umekufa, kwamba siku hizi kila mtu na lake. Mimi sioni hivyo, walau si hapa kwetu. Mtoto wa Kyela akipata nafasi ya chuo kikuu, habari hutangulia hata majibu ya Bodi ya Mikopo. Mama anapunguza mpunga aliouweka ndani kwa chakula. Baba anasubiri malipo ya kakao kutoka chama cha msingi. Mjomba aliyeko Tunduma anatuma kwa simu, shangazi aliyeolewa Karonga anavuka mpaka wa Kasumulu na bahasha yake, usharika unapitisha kapu la pekee baada ya ibada, na kwenye kundi la ukoo la WhatsApp majina yanaorodheshwa, kila jina na kiasi chake. Siku ya safari kijana anapanda basi akiwa amechangiwa na watu ambao wengine hajapata kuwaona kwa macho.

Miezi minane baadaye kijana huyohuyo amelala chumbani, Dodoma au Dar es Salaam, mchana kweupe. Hajaingia darasani wiki mbili. Chakula hakipiti. Simu yake ina namba za wote wale waliomchangia, na hampigii hata mmoja.

Kwa nini hampigii? Jibu langu nalisema mapema ili mnipime nalo mpaka mwisho. Tumempa msaada wetu pamoja na matarajio yetu, na hatukuvitenganisha. Kila aliyechanga anastahili kupelekewa habari njema. Hatukumwonyesha mtu wa kupelekewa habari mbaya. Kwa hiyo siku anaposhindwa, wingi wa watu waliomsaidia unageuka kuwa wingi wa watu wa kuwakwepa.

Nianze na sisi wenyewe, kwa sababu nchi hii ina historia ya pekee katika jambo hili. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa. Walisaidiwa na karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, mtu ambaye jina lake lilistahili kutajwa zaidi ya lilivyotajwa. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kiitwacho Good Company, ambacho hadi leo husomwa na wanafunzi wa elimujamii duniani kote. Kilichowashangaza wasomaji ni kwamba vijiji vya huku havikujengwa kwa ukoo kama ilivyokuwa kwa majirani wengi. Vilijengwa kwa rika. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na mmoja alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala na wenzake pembeni mwa kijiji, katika vibanda walivyojijengea. Mchana alilima kwa baba. Jioni wavulana walikula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walikua pamoja, wakaoa, wakaleta wake zao, na kile kibanda cha kulala kikawa kijiji cha watu wazima. Kila kizazi kilipokomaa, katika sherehe ya ubusoka, wazee waliwakabidhi vijana madaraka na ardhi.

Wazee mliopo hapa mnajua ukwangala kuliko nitakavyoweza kuueleza: kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza bila haraka. Monica Wilson aliandika kwamba kwa Wanyakyusa hilo lilikuwa jambo la msingi katika maisha ya mtu mwema, na kwamba mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Katika mpango ule mimi naona jambo moja ambalo kijana wetu wa chuo hana. Mvulana aliyegombana na baba yake alikuwa na mahali pa kulala usiku uleule, katikati ya watu ambao hawakumdai chochote. Baba angeweza kukasirika mpaka asubuhi. Wenzake wangempisha kwenye mkeka. Kulikuwa na watu wanaomtegemea na watu wanaomchukua alivyo, na hawa hawakuwa walewale.

Lakini tusiipake rangi historia. Kampani ile ilikuwa ya wanaume. Binti aliozwa mapema akahamia kijiji cha mumewe, na rika lake likatawanyika. Tena Wanyakyusa wenyewe walijua kwamba watu wanaokuzunguka wanaweza kukuumiza. Monica Wilson alieleza imani ya pumzi ya watu: aliyeudhi kijiji, aliyewanyima wenzake chakula au kumdharau mzazi, majirani wakimnung'unikia alipatwa na baridi na homa. Si lazima tuamini kwamba homa ililetwa na manung'uniko ili tuone walichokuwa wamekigundua. Walijua kwamba uso wa jirani unaingia mwilini mwa mtu. Sayansi ya tiba imekuja kulisema jambo hilohilo kwa maneno mengine na kwa kuchelewa.

Vijiji vya rika vilififia kwa sababu zinazoeleweka. Dhahabu ya Lupa kule Chunya iliwavuta vijana tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Kahawa kule juu na mpunga huku bondeni viliifanya ardhi iwe ya kudumu, ya kurithisha mtoto, isiyoweza tena kukabidhiwa rika zima. Siombi tuvirudishe. Nauliza tu kazi ile ya kumpokea aliyeshindwa imehamia kwa nani.

Sasa tuangalie utafiti unasema nini. Mwaka 1976 daktari Mmarekani, Sidney Cobb, alieleza msaada wa kijamii kwa namna ambayo ningependa kila kamati ya harusi na ya ada iisikie. Alisema ni taarifa: taarifa inayomfanya mtu aamini kwamba anapendwa na kujaliwa, kwamba anathaminiwa, na kwamba yumo katika mtandao wa watu wanaowajibika wao kwa wao. Cobb hakuanza na fedha, wala nguo, wala godoro. Vitu hivyo ni muhimu, na bila ada hakuna chuo, lakini kinachoilinda akili ni kile ambacho mtu anakiamini juu ya watu wake. Kijana anaweza kupokea shilingi milioni moja na bado asiipate taarifa ile. Au mbaya zaidi, akapokea taarifa tofauti: kwamba thamani yake ni shahada atakayoileta.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1985, wanasaikolojia Sheldon Cohen na Thomas Wills walikusanya tafiti nyingi wakaonyesha kwamba watu wa karibu hufanya kazi mbili. Kuwa na watu kwenyewe kunampa mtu nafuu kila siku, hata asipokuwa na tatizo. Tena shida inapokuja, kujua kwamba kuna mtu wa kukimbilia kunapunguza makali ya ile shida isifike kwenye mwili na akili kwa nguvu zake zote. Sisi tunaolima mpunga tunaweza kuifikiria kingo ya jaruba: inazuia mafuriko ya mto yasiufikie mche. Kingo hiyohiyo lakini, ikikosa mlango wa maji, inayafungia ndani mpaka mche unaoza. Ndiyo hali ya kijana ambaye ndugu zake wamemzunguka pande zote na hawakumwachia pa kutolea.

Kuna mahali pengine duniani ambako hali hii imechunguzwa kwa miaka mingi, na inafanana na yetu kuliko mtu angedhani. Nchini Marekani wanafunzi wengi wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi ni wa kwanza katika familia zao kufika chuoni. Wazazi wao ni vibarua wa mashambani, wasafishaji wa ofisi, wajenzi. Watafiti wa huko huzungumza juu ya familismo, yaani ule mshikamano wa familia unaomfanya mtu aweke maslahi ya nyumbani mbele ya yake. Walichokiona mara kwa mara kina pande mbili. Mwanafunzi anayehisi kwamba familia iko naye huwa na dalili chache za sonona na wasiwasi. Lakini wajibu wa familia, yaani kutuma fedha nyumbani, kurudi kuangalia wadogo, kuwatafsiria wazazi barua za serikali, na hofu ya kuwaangusha waliojinyima kwa ajili yake, ni mzigo wa kila siku, na unapozidi humchosha. Wenzetu hao wana pia mizigo ambayo sisi hatuna: kubaguliwa kwa rangi na lafudhi, na kwa baadhi hofu ya mzazi kufukuzwa nchini. Lakini zile pande mbili za familia, hizo ni zetu pia. Upendo uleule unaomshikilia mtoto ndio unaomlemea.

Utafiti mwingine nauleta kwa sababu unahusu mtihani. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake huko New York walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili, mtihani mgumu sana, pamoja na wenzi wao wa nyumbani. Kila siku mwenye mtihani aliandika kama amesaidiwa, na mwenzi aliandika kama ametoa msaada. Siku ambazo msaada ulitolewa na mpokeaji hakuugundua, hali yake ilikuwa nzuri zaidi. Siku alizougundua, mara nyingi hali ilikuwa mbaya zaidi. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusaidiwa kwa kutangazwa: msaada unaoonekana unamkumbusha mtu kwamba ameelemewa, na kwamba sasa anadaiwa. Fikirini ile orodha ya michango kwenye simu, yenye jina na kiasi, ambayo kijana anaisoma usiku kabla ya mtihani.

Sisemi orodha ifutwe. Uwazi wa fedha za watu ni jambo jema, na bila orodha wapo ambao wasingechanga. Nasema kijana asiwekwe kwenye kundi lile akiwa anasoma. Awekwe baada ya kuhitimu, aje kuchangia wengine.

Niguse kidogo kalenda ya fedha, maana msongo mwingi wa mwanafunzi wa Kyela una tarehe zake. Mpunga tunauvuna kuanzia Mei. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. Katikati ya hapo kuna madeni ya pembejeo, misiba, harusi za msimu wa kiangazi, sare za wadogo. Mwezi wa usajili wa chuo ukifika, familia nyingi za wakulima zimebakiwa na chakula tu, na wengine wanauza mpunga ambao hata haujapandwa kwa bei ya kutupa. Kakao imewasaidia wengi kwa sababu mnada wake una fedha za miezi mingine, na mwaka 2024 bei ya dunia ilipanda kupita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Lakini bei ya kakao haina uaminifu, na kijana aliyeanza chuo wakati wa bei nzuri anaweza kufika mwaka wa tatu wakati wa bei mbaya.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, imewafikisha chuoni maelfu ambao wasingefika. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Watu wa nyumbani husikia bumu, yaani fedha hiyo, limeingia wakadhani mtoto amepata mshahara. Hapo maombi yanaanza: mdogo wako hana viatu, bibi anaumwa, msiba wa jirani tumechangishwa. Kijana anatuma, kwa sababu anajua alivyochangiwa. Kisha anakula mlo mmoja kwa siku, na hasemi. Nawaomba wazazi tuwe wakweli katika hili: tunapoomba elfu hamsini kutoka kwenye bumu, tunaomba chakula cha mtu anayekesha akisoma.

Nyinyi wanafunzi mmebuni misaada yenu, na inastahili kutajwa hadharani. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upungufu wa vyumba ulizaa kubebana: mwenye kitanda hosteli anamchukua asiye nacho, wanalala wawili kitanda cha mmoja, kinyume cha kanuni na kwa hofu ya kukaguliwa. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli kwa wanafunzi 3,840, na bado waliobaki nje walikuwa wengi. Mamlaka ya chuo ina haki ya kuzuia msongamano, kwa sababu za afya na usalama. Lakini tazameni kilichomo ndani ya kubebana. Kijana wa Kyela na kijana wa Kagera, wasiojuana mwezi mmoja uliopita, wanagawana godoro. Huyu anajua kama mwenzake amelala au hakulala. Anajua kama amekula. Siku matokeo yakitoka na yule mwenye godoro ana sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia, aliyeko pembeni yake halipwi chochote kwa kufaulu kwake na hapotezi chochote kwa kuanguka kwake. Ndiye mtu wa kwanza kuona hatari, na mara nyingi ndiye pekee. Makundi ya ibada, USCF, TAFES, TYCS, jumuiya za wanafunzi Waislamu, nayo yanafanya kazi hiyo pale ambapo kijana anaruhusiwa kufika bila kujifanya ana furaha.

Kwa mabinti kuna la ziada. Binti wa mwaka wa kwanza aliyechelewa kupata bumu hana uhuru wa kubebwa na yeyote tu, na anayejitokeza kumsaidia kwa chumba au chakula mara nyingine anataka malipo ambayo hawezi kuyasema nyumbani. Akipata ujauzito, habari yake mbaya inaonekana kwa macho, na ukoo uliomchangia unaweza kumgeuka kwa sauti moja. Msichana anayejua hilo hanyanyui simu mapema. Atanyamaza mpaka mambo yamepita uwezo wake. Kama tunataka aseme mapema, lazima mtu fulani katika ukoo awe amemwambia waziwazi, kabla hajaondoka, kwamba mlango wake hautafungwa hata kwa hilo.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya msongo. Sasa niseme juu ya ugonjwa, kwa sababu si kila kitu kinaponywa na watu wema. Godfrey Wilson, yule mtafiti aliyeishi hapa, alikuwa mgonjwa wa sonona. Mwaka 1944, wakati wa vita, alijiua. Namtaja kwa heshima. Alikuwa mtu aliyekaa miaka kati ya watu walioujua ukwangala kuliko wengine wote, alikuwa na mke aliyempenda na kuikamilisha kazi yake, na bado ugonjwa ulimshinda. Sonona ni ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na ndugu, sala na chakula na bado akaugua, kama anavyoweza kuugua malaria akiwa na neti.

Dalili zake tuzijue kwa lugha ya nyumbani. Mtu anakosa furaha katika mambo aliyoyapenda, siku baada ya siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi unakimbia au unazidi. Hamu ya kula inapotea. Anajiona hana thamani, anajilaumu kwa mambo madogo, anasoma ukurasa mmoja mara tano bila kuelewa. Huku kwetu mara nyingi ugonjwa huja umevaa mwili: kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio, uchovu. Kyela ni nchi ya mbu, kwa hiyo kila uchovu hupimwa malaria. Kipimo kikisema hapana, tunanunua dawa ya malaria hata hivyo. Wengine wanasema kijana amerogwa na wenye wivu wa elimu yake. Mwenye imani hiyo sitamkebehi, na maombi ya mchungaji au dua ya shehe yana nafasi yake kwa anayeamini. Ninachoomba ni kwamba maombi yasitumike kuahirisha hospitali. Dawa za sonona zipo, kama amitriptilini na fluoksetini, ni za zamani na bei yake si kubwa, na mazungumzo na mshauri aliyefunzwa yanasaidia sana. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na kwa makadirio ya mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Katika nchi yetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai. Nafahamu nia ya zamani ya sheria ile, kulinda uhai. Lakini mzazi akiogopa polisi, hampeleki mtoto hospitali. Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226, kinachofanana na hiki, kinapingana na katiba. Naamini na sisi tunapaswa kufika huko, na nalisema hili mbele ya viongozi waliopo.

Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno kwa watu zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa mwaka 2022. Mirembe iko Dodoma, na kwa bahati mbaya jina la hospitali hiyo tumelifanya tusi la mitaani, hata mtu anayehitaji kutibiwa anaogopa kulisikia. Kutoka Kyela, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu, na nauli ya wawili, mgonjwa na msindikizaji, si jambo dogo. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa wake, binti kijana, ambaye hakurudi kliniki kwa kukosa nauli ya basi. Ndipo mwaka 2006 alipoanza, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, na akina bibi 14 waliofunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi, jirani zetu, na Zanzibar. Bibi wale hawakuwa na shahada. Walifunzwa, walisimamiwa, na walijua ni lini wampeleke mtu kwa daktari. Akina bibi wa aina hiyo Kyela tunao.

Basi niseme ninachokiomba, na ni kidogo kwa makusudi ili kifanyike.

Kila familia inayompeleka mtoto chuo imteue mtu mmoja wa simu. Asiwe mchangiaji mkubwa, asiwe mwenyekiti wa ukoo. Awe dada aliyewahi kusoma, mwalimu wake wa sekondari, binamu aliyemaliza juzi. Kazi yake ni kupiga mara kwa mara na kutouliza alama. Aulize umelala, umekula, unakaa na nani. Akiambiwa jambo, asilitangaze. Akisikia mtu anasema amechoka kuishi, amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa ruhusa ya kusema. Kisha asimwache peke yake, ampigie anayekaa naye chumbani, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au hospitali iliyo karibu, siku hiyohiyo.

Nanyi wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, mkiwa Mbeya, Dodoma, Morogoro au Dar, mpokeeni wa mwaka wa kwanza kituoni. Mtoto wa bondeni anayefika Mbeya na shuka moja hajui baridi ya mita 1,700. Mwonyesheni mahali pa kula kwa bei nafuu, zahanati ya chuo, na mlango wa mshauri. Kuleni naye walau mara moja kwa wiki. Mnisamehe wazee, lakini hicho ndicho kijiji cha rika ambacho kinawezekana sasa, na safari hii mabinti wawemo.

Na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, tukuzungumze mezani kabla hakujatokea. Aliyeondolewa chuo anaweza kuomba upya, programu nyingine au chuo kingine, na wapo waliorudi kupitia stashahada wakamaliza vizuri. Kijana akilijua hilo kutoka mdomoni mwa baba yake, si kutoka kwa rafiki, litamkaa.

Mavuno yakimalizika vikao vya ada vitaanza katika koo na sharika zetu. Nawaomba wenyeviti wa vikao hivyo muweke jambo la mtu wa simu liwe la kwanza kwenye ajenda, kabla ya kuhesabu fedha, na mwanafunzi mwenyewe awepo, aulizwe anamtaka nani. Sasa niko tayari kwa maswali.